Elizabeti Kabla ya Kuvishwa

Wazee watano wa parokia walimwona mke wangu uchi, mchana kweupe, ndani ya sakristia, kofia zao wamezishika mkononi. Mke wangu mwenyewe hakuwapo. Alikuwa nyumbani anamenya viazi. Na mbele ya huyo mchoraji aliyeleta mambo yote haya hakuwahi kuvua hata kitambaa cha kichwa. Najua, kwa sababu kila alipochorwa nilikuwapo, nimekaa juu ya ndoo yangu ya plasta nakula mkate.

Naanza na hapo ili usije ukaisikia kwa mwingine ukadhani ilikuwa vingine.

Mimi ni Basile Tournel, fundi wa plasta wa hapa Vauzelle. Mwaka mmoja baada ya reli kufika, parokia iliamua kupamba kikanisa cha Bikira, kile cha kushoto kwa altare kuu. Mimi nikapewa ukuta. Ulikuwa umelowa unyevu tangu enzi za babu yangu. Nilibandua plasta yote hadi kwenye jiwe, nikauacha ukauke majira mazima ya joto, kisha nikaupiga upya. Picha akapewa mtu wa Paris, Bwana Malbosc, mwembamba, mwenye kikohozi, aliyesomeshwa Roma na serikali na ambaye hakukuacha ukalisahau hilo. Picha yenyewe ilikuwa Bikira Maria anafika kwa Elizabeti, jamaa yake, wanakutana mlangoni. Wote wawili wana mimba, mmoja bado binti, mwenzake kishakula chumvi nyingi na watu walishamkatia tamaa.

Mimi nilidhani mchoraji huja na rangi. Huyu alikuja na mkaa, chaki na mzigo wa karatasi, akachora wiki nenda wiki rudi, ukuta wangu hajaugusa. Alichora mguu peke yake. Alichora kiwiko peke yake. Alikuwa na mwanasesere wa mbao, mrefu kama mtu, mwenye viungo vinavyopinda, akamfunika shuka la buluu na kuchora mikunjo ya lile shuka mpaka nikachoka kwa niaba yake. Ole wako ulisogeze lile shuka kwa bega ukipita.

Mke wangu, Philiberte, alikuwa akiniletea supu adhuhuri. Siku moja aliingia na kopo lake, akanyoosha shingo kunitafuta juu ya jukwaa, na Malbosc akaacha kukohoa.

"Mama, simama hapo hapo."

"Nisimame kwa nini? Supu inapoa."

"Iache ipoe. Uso huo nimeutafuta Paris nzima."

"Basi Paris mna shida," akasema Philiberte.

"Uso huo una mwenyewe, bwana," nikasema kutoka juu.

"Nimemwona. Ana plasta masikioni. Nataka kuuazima tu, fundi, nitaurudisha."

Philiberte akacheka. Halafu akauliza, "Nitakuwa nani?"

"Elizabeti."

Akaweka kopo la supu chini, polepole, kana kwamba sakafu ingevunjika.

Tulikuwa tumeoana miaka ishirini na mbili na hatukuwa na mtoto. Hakuna la kuongeza hapo, watu walishaongeza ya kutosha. Alikunywa maji ya chemchemi zote zinazosemwa zinasaidia, alikwenda kuhiji kwa miguu, aliwasha mishumaa ya kuweza kuchoma msitu. Pale kufulia, wenzake wakianza habari za vichwa vya watoto na meno ya watoto, yeye husugua mashuka kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo Philiberte alimjua Elizabeti vizuri kuliko Padri mwenyewe alivyomjua.

Akakubali. Malbosc alimketisha dirishani, kitambaa chake kichwani, akachora ule uso kwa chaki nyeusi kwenye karatasi ya kijivu. Kisha akataka mikono.

"Shika tumbo, mama. Mkono mmoja juu, mmoja chini, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa."

"Nishike nini? Humo hamna kitu."

"Shika tu."

Akashika. Mimi niliacha kutafuna mpaka alipomaliza.

Sasa, wazee wa parokia ndio walikuwa wanalipia, nao wakataka kuona michoro kabla ukuta haujaguswa. Malbosc akaipanga sakristia nzima, mingine ameibandika ukutani, mingine ameiegemeza. Mchoro mkubwa kuliko yote, Elizabeti kuanzia kichwa hadi kidole cha mguu, aliuweka kwenye ubao, akauegemeza kwenye kabati la mavazi ya misa. Juu ya karatasi ile alibandika nyingine nyembamba, iliyopakwa mafuta ikawa inaonyesha kidogo, na kwenye hiyo nyembamba ndiko alikuwa amechora nguo: joho, mikunjo, mshipi. Ukitazama kwa mbali unamwona mama mtu mzima aliyevaa vizuri. Mimi niliitwa kwa sababu walitaka kuniuliza habari ya unyevu.

Malbosc alikuwa upande wa pili na Padri Chambon, anamweleza vidole vya Bikira. Wakili Pradel akamsogelea Elizabeti. Pradel ni mtu wa kusoma kila kitu mara mbili, hata bei ya jibini.

"Mbona karatasi ziko mbili?" akasema.

Akashika pembe ya ile nyembamba kwa vidole viwili, akaiinua kama mtu anayeinua sketi. Na hakuiachia.

Chini yake alisimama mwanamke uchi wa mnyama. Matiti yamejaa, tumbo la miezi sita, miguu imetanuka kidogo sakafuni. Kichwa kilikuwa cha Philiberte. Nguo pekee mwilini mwake ilikuwa kitambaa chake cha kichwa, kile cha mistari, ambacho mji mzima unakijua kwa sababu hukianika dirishani kila Jumatatu.

Halafu Pradel akageuka akanitazama.

"Loo, Tournel. Kumbe sisi tulikuwa tunakuonea huruma bure."

Mmoja wao akacheka kwa pua. Nilimwendea Pradel, nikaushika mkono wake nikaushusha, karatasi ikarudi mahali pake. Huenda niliushika kwa nguvu kidogo, maana baadaye alikuwa akiusugua.

"Bwana Malbosc!" Padri aliita. "Hiki ni nini?"

"Ni mwili, Baba."

"Naona kuwa ni mwili!"

"Kila mtakatifu unayemwona ukutani, popote pale, chini ya joho ana mwili. Ukianza na nguo unapata gunia lenye kichwa. Kwanza tunachora mwili, tunaona uzito umekaa wapi, ndipo tunamvisha. Tulifundishwa hivyo, na walimu wetu walifundishwa hivyo."

"Na kichwa hicho?"

"Kichwa na mikono ni vya mama huyu wa hapa. Mwili ni wa mfua nguo mmoja wa Paris, nilimchora wakati wa baridi. Nilipata kichwa, nikakiweka mahali pake. Ndiyo kazi. Sikufikiri kwamba mtu angeinua…"

"Hukufikiri," alisema Padri, akakaa.

Nilimwelewa Malbosc, siwezi kusema sikumwelewa. Mimi mwenyewe hupigilia fito kwanza ndipo nipake plasta, na sijaona mtu akiona haya mbele ya fito. Lakini fito hazina sura ya mke wa mtu.

Sikuwa nimemaliza kuosha miiko yangu habari ikawa imeshafika pale kufulia. Philiberte alirudi nyumbani na kapu la nguo bado zina povu. Kwa miaka yote sijawahi kumwona akileta nguo zenye povu.

"Zélie ameniuliza kama ni kweli," akasema.

Zélie ni mke wa mwokaji mikate. Walipokea komunyo ya kwanza siku moja, wakiwa wameshikana mikono.

"Ukamjibuje?"

"Ameniuliza mbele ya wote. 'Shoga, ulivua mpaka soksi?' Wakacheka. Nikasema sikuvua kitu. Akasema, 'Basi na lile tumbo? Umeliazima kwa nani?'"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, huku akilitua kapu. Nikamweleza yote, tangu mwanzo: karatasi mbili, Pradel, mfua nguo wa Paris. Alisikiliza. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Lilikuwa kubwa?"

"Nini?"

"Tumbo."

"La mtu wa miezi sita."

"Na mikono ilikuwa wapi?"

Ilinibidi nifikiri. "Vile ulivyoishika siku ile. Mmoja juu, mmoja chini."

Akaanza kusuuza nguo kwenye beseni. Nikamwambia kesho asubuhi naichoma karatasi ile, Padri akitaka asitake. Hakusema ndiyo wala hapana. Nikahesabu kuwa ni ndiyo.

Padri alitaka. Baada ya misa ya kwanza tulikuwa watatu ndani ya sakristia, yeye, Malbosc na mimi, jiko la chuma limewashwa kwenye pembe. Padri Chambon si mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyeumwa jino siku nzima. Alisema karatasi itachomwa, naye Jumapili atatangaza kwamba yote yamekwisha na kwamba mke wa Tournel ni mwanamke wa heshima zake.

Malbosc alikaa kwenye kiti kama aliyefiwa.

"Sina nakala," akasema. "Bila karatasi hiyo sijui miguu yake inakaa wapi."

"Utakisia," nikamwambia.

"Mimi sikisii, fundi. Wewe unakisia plasta?"

Niling'oa misumari ya pembeni, nikaitoa ile karatasi kubwa kwenye ubao, nikaanza kuikunja. Ndipo mlango ukafunguka.

Philiberte alikuwa amevaa koti la Jumapili na kofia ya Jumapili, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Ina maana alikuwa amekatiza uwanja mzima wa soko hivyo, mbele ya duka la mkate, mbele ya duka la nyama, mbele ya kila mtu.

"Nipeni nimwone," akasema.

"Mama, haifai," akasema Padri.

"Wazee watano wamemwona, Baba. Mimi ndiye nisiyefaa kumwona?"

Philiberte akanipokonya karatasi, si kwa ukali, akaitandaza juu ya kabati la mavazi na kuikandamiza pembe zake kwa vinara vya mishumaa. Akaitazama.

Mimi jana yake nilikuwa nimeona uchi tu, basi. Yeye hata hakuangalia huko. Alifuata kwa kidole, bila kugusa, mstari wa mgongo, kutoka begani hadi kiunoni.

"Anaegemea nyuma," akasema.

"Ni uzito, mama," alisema Malbosc. Alikuwa ameinuka. "Akifika mwezi wa sita mwanamke huegemea hivyo, la sivyo ataanguka mbele."

"Sikujua."

Kisha nikamwona, ndani ya lile koti la Jumapili, akiurudisha mgongo wake nyuma kidogo. Kidogo tu. Nadhani hakujua kwamba anafanya hivyo. Nikatazama jiko.

"Huyo mwanamke wa Paris," akauliza, "alijifungua?"

"Ndiyo, Aprili. Mtoto wa kiume."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Analia mpaka majirani wanagonga ukuta."

"Vizuri," akasema. "Usiichome, Basile."

"Philiberte."

"Usiichome."

Padri akaja akasimama upande wa pili wa kabati. "Bi Philiberte, mji mzima…"

"Mji mzima umeshasema. Mkiichoma watasema kumbe ilikuwa kweli, ndiyo maana mkaichoma. Nipeni nikae nayo nyumbani."

Padri alifikiri. Nilimwona akifikiri, alikuwa akizungusha kidole kwenye kinara. Mwisho akasema, "Yote mawili hayawezekani, mama. Siwezi kuwaambia watu wapige magoti mbele ya sura ambayo wanajua karatasi yake iko nyumbani kwa mtu, haina nguo. Ikichomwa, watasahau, na sura yako itabaki ukutani, ni sura nzuri. Isipochomwa, ukutani hutakuwapo. Chagua."

Hapo ndipo nilipoingilia kati, kwa sababu niliona anakwenda kuchagua vibaya.

"Mke wangu, chukua ukuta. Ule ukuta nimeupiga mimi, najua umri wake. Utatuzika sote. Wajukuu wa Zélie watakuja kukupigia magoti, na Zélie mwenyewe kabla yao. Elizabeti, Philiberte! Aliyesikilizwa na Mungu! Hiki ni kipande cha karatasi, panya akipita usiku mmoja kimekwisha."

"Nimekusikia."

"Na watasema ni wewe. Watasema ulivua."

"Waseme."

"Sasa unaitakia nini?"

Alikuwa bado anaitazama. "Ukutani wataniona wao," akasema. "Hii nitaiona mimi."

Malbosc akakohoa, akaomba jambo moja tu, aachiwe karatasi hadi kazi iishe, apate pa kuipimia miguu. Philiberte akamwambia sawa, ila asiichafue.

Akaipiga miraba kwa penseli laini, juu mpaka chini, kama kizimba cha kuku, na ukutani akapiga miraba mikubwa zaidi, akahamisha mraba kwa mraba. Nilimtazama akifanya hivyo wiki nzima. Miguu ikaenda. Mgongo ukaenda, na kule kuegemea kukaenda. Alipofika kichwani alisimama siku mbili, hana la kufanya. Kisha akamgeuza Elizabeti, akauficha uso wake kwenye bega la Maria, kama mtu anayelia au anayemwambia mwenziwe neno sikioni. Kinachoonekana ni kisogo na kitambaa. Padri alimwambia mistari ya kitambaa aifute, akaifuta.

Siku alipoondoka na treni, Malbosc alituletea nyumbani karatasi zote mbili, ile nene na ile nyembamba ya nguo, zimezungushwa kwenye kitambaa safi. Philiberte alizifungua mezani. Ile nene akaiweka kando. Ile nyembamba akaizungusha tena akamrudishia.

"Hii ya nguo mpe Padri," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anaona baridi."

Malbosc alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, tukampa divai.

Karatasi iko nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Ukifunga mlango unaiona, ukiufungua haipo. Kwa hiyo kila asubuhi navaa suruali yangu nikitazamwa na mke wangu mwenye mimba ya miezi sita, na mke wangu mwingine akiniambia kutoka jikoni kwamba nachelewa. Nimezoea. Mwanzoni nilikuwa nageuka upande.

Basi gharama yake ni hii. Sura ya mke wangu, ambayo ingekaa ukutani muda wote ambao plasta yangu ingesimama. Kazi ya mnara wa kengele, ambayo wazee walimpa fundi wa ng'ambo ya mto, na plasta yake tayari inabanduka. Zélie, rafiki tangu komunyo ya kwanza. Mpaka leo tunavuka daraja kununua mkate, mvua inyeshe isinyeshe. Nafasi yetu kwenye benchi la tatu, kwa sababu waliokaa jirani yetu walisogea, wakasogea tena, nasi tukahamia nyuma karibu na mlango, penye baridi. Na kioo kimoja kikubwa cha kuifunika ile karatasi, ambacho nilikwenda kukinunua mwenyewe na kukibeba mgongoni kutoka stesheni, kwa sababu mkaa hufutika ukiguswa, naye Philiberte alikuwa ameanza kuligusa lile tumbo.